Nilipita Nikiwa na Ree Tatu

Gardena, California
4 Machi 1974

Mdogo wangu Leota,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja na imetosha. Eti chumba cha huko Bakersfield umekipaka rangi, umetundika pazia, na kitanda umeniwekea karibu na dirisha. Nani kakutuma? Mimi sijasema nakuja. Nina nyumba yangu hapa, nina wajukuu wangu kule Torrance wanaonihitaji hata kama mama yao anasema hawanihitaji, na nina kiti changu kwenye meza ya poka pale Klabu ya Mchungwa. Ukiwa na hamu ya kupaka rangi tena, paka jiko lako.

Wala usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua unanyamaza mpaka nimalize.

Sasa sikia. Orval Haskett unamkumbuka, ulimwona Krismasi ulipokuja: yule mgane mrefu, aliyekuwa akigonga misumari ya ribiti kwenye kiwanda cha ndege, anayekaa mkono wangu wa kushoto mezani. Kila mchana tunakula pamoja pale pale klabuni, maharage na mkate wa mahindi. Tukimaliza kucheza ananisindikiza mpaka kituo cha basi, na haondoki mpaka basi liondoke. Jumapili anakuja kwangu kula pai ya pichi. Hajasema kitu. Mimi pia sijasema kitu. Lakini wewe ni damu yangu, nakwambia: namtaka yule mtu, Leota. Nataka aniulize, nimwambie ndiyo, nife naitwa Bibi Haskett.

Hapo ndipo alipoingia huyu Corinne.

Corinne DuBray, katokea Long Beach, mjane kama mimi, ila ujane wake unanukia marashi mpaka meza ya pili. Kucha nyekundu. Anacheka hata pasipo na mzaha. Unajua klabuni kwetu hakuna mgawaji wa kuajiriwa, kila mchezaji anagawa karata kwa zamu yake. Basi juzi zamu yake ilipofika akamwambia Orval, "Bwana Haskett, hebu nishike mikono unionyeshe kuchanganya, vidole vyangu vizito mie." Vizito! Mwanamke anachanganya karata kama cherehani! Na Orval, na ule ujinga wake wa upole, akamshika kweli. Sikulala vizuri siku ile. Nilikuwa naiona ile mikono.

Usiniambie niseme naye. Mimi poka naijua kuliko ninavyojua kusoma. Nina karata kali, na mwenye karata kali kuna wakati anajitia hamnazo. Si kila wakati, wanaojificha kila wakati ni wapumbavu. Mezani kwetu dau lina kikomo, huwezi kumwaga mlima wa chipu, vile vidude tunavyochezea badala ya pesa, mara moja ukamtoa mtu roho. Unakula kidogo kidogo, raundi baada ya raundi, na raundi uliyoiacha ipite bure imekwenda. Kwa hiyo unanyamaza pale tu karata zako zilipo kali kiasi kwamba hata mwenzako akiongezewa karata ya bure hakufikii. Na katikati ya meza pawe bado hapana kitu cha kupigania. Na kubwa kuliko yote, nyuma yako awe ameketi mtu mwenye kiherehere, ambaye atafungua dau mwenyewe bila kusukumwa. Hapo unasema "napita," unatazama dari. Akishajimwaga, ndipo unapomwongezea, na hawezi tena kurudi nyuma.

Basi mimi nina pai, nina kituo cha basi, nina miaka ya kukaa naye bega kwa bega. Corinne ndiye kiherehere wangu. Mwache ajimwage. Orval atachoka na kelele, atageuza shingo upande wangu, na mimi nitakuwa nimekaa pale pale.

Dada yako,
Ardith

*

Bakersfield
11 Machi 1974

Dada Ardith,

Asante kwa barua. Chumba nimekipaka rangi kwa sababu kilihitaji rangi, usikasirike.

Mimi karata sizijui, mjuzi ni wewe. Ukisema kunyamaza ndiko sawa, nyamaza. Wanaume wa umri ule hawapendi kusukumwa. Mume wangu Virgil, Mungu amrehemu, ningemsukuma angekwenda kulala ghalani. Na nikuulize jambo moja, dada, bila ya wewe kunirukia: mwanamume anayeshikwa mikono na kila mwenye kucha nyekundu, kweli ni mtu wa kukukosesha usingizi?

Nyonga yangu inaendelea hivyo hivyo. Najua hukuuliza. Asubuhi inakaza mpaka niketi ukingoni mwa kitanda nikiisubiri, kama mtu anayesubiri gari liwake. Nyumba imekuwa kimya, dada. Nalisikia jokofu likizima. Barua yako ilikuwa ndefu na nilifurahi kuiona, lakini Orval yumo kila ukurasa, na mimi nimo kwenye salamu na kwenye kugombezwa kuhusu rangi.

Milozi ya jirani imemaliza kuchanua. Ungependa kuiona.

Mdogo wako,
Leota

*

Gardena
29 Machi 1974

Leota,

Nyonga ipake dawa ya farasi, ile ya mama, halafu uache kulalamika. Nimekuuliza sasa.

Nina donge hapa kooni na nitakutemea wewe. Alhamisi tulikuwa wanane mezani. Anagawa Corinne, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho kusema. Kabla yake Orval. Kabla ya Orval mimi. Naokota karata zangu moja moja kama kawaida: ree. Ree tena. Ya tatu, ree! Karata kubwa kuliko zote, tatu mkononi, kabla hata ya kubadilisha karata, mimi niliyeshinda wiki nzima naokota takataka! Moyo ulinigonga mpaka nikaogopa utaonekana kwenye sweta.

Waliokuja kabla yangu wote wamepita. Sheria yetu unaijua, nilikueleza Krismasi: huruhusiwi kufungua dau bila kuwa na angalau ghulamu wawili, au jozi inayowazidi. Na wote wakipita, karata zinatupwa, zinagawiwa upya, ulichokuwa nacho kimekufa. Nikamwangalia Corinne. Anatabasamu, anacheza na chipu zake. Nikasema huyu leo anafungua, huyu hajapita tangu azaliwe. Akifungua tu, namwongezea, namlaza.

"Napita," nikasema, natazama saa ya ukutani kama mtu asiye na habari.

Orval akazitazama karata zake. Akazitazama tena. Akanitazama mimi. "Napita," akasema.

Corinne akashusha pumzi. "Jamani, leo hata mimi mikono mitupu. Napita. Tupeni."

Nilivyokasirika nilizitupa karata zikaanguka uso juu. Corinne akapiga yowe. "Ala! Mama Pruett! Ree tatu na umepita? Ulikuwa unamngoja nani, Yesu?"

Meza nzima ikacheka. Nikamwambia, "Nilikuwa nakungoja wewe, mdomo usiofungwa. Siku moja tu nimehitaji ubweke, umekaa kimya."

"Bibi wee," akasema, na hata hakukasirika, hilo ndilo lililoniuma, "ungekuwa wa kwanza kusema, una watu saba nyuma yako, ningekuelewa. Katika saba hakosekani mmoja wa kufungua. Lakini wewe umebakiwa na watu wawili! Na mmoja wao Bwana Haskett, asiyefungua hata mwavuli mvua ikinyesha!"

Masikio ya Orval yakawa mekundu. Akazifunua karata zake taratibu. Wafalme wawili. "Nilikuwa nao," akasema. "Nilidhani una kitu kikubwa, Ardith. Ulivyokaa. Sikutaka kukuingilia."

Wafalme wawili, na akapita! Ndivyo alivyo, tangu nimjue hajaongeza dau bila kuwa na hakika ya asilimia mia, na mtu akimkunjia uso anatupa karata nzuri kabisa. Nimemcheka kwa hilo mara nyingi.

Lakini nilicheza sawasawa na sitaki kusikia vingine. Kosa ni la Corinne, kakosa karata siku mbaya.

Kibaya kilikuja baadaye. Mvua ilikuwa inanyesha, na yule mwanamke ana gari. "Bwana Haskett, panda, utaloa." Na mimi? "Mama Pruett, nawe panda, kiti cha nyuma kipo." Kiti cha nyuma! Nikasema basi langu halijawahi kunikosea. Nikawaona kupitia dirisha la basi, taa nyekundu, vichwa viwili. Vilikuwa mbali mbali, ndiyo, lakini gari ni gari. Wivu ulinipanda mpaka nikapitiliza kituo changu.

Jumapili sikuoka pai. Alipokuja kugonga sikufungua. Nilizima redio nikakaa jikoni nimeshika tama. Akagonga tena, akaita jina langu polepole kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Halafu nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi.

Aipate joto ya jiwe kidogo. Sasa ataona alichokuwa nacho, atarudi kwa nguvu.

Ardith

*

Bakersfield
5 Aprili 1974

Dada,

Umefanya vyema kutofungua mlango. Mwanamke ana heshima yake. Mtu akiitaka pai atajua njia ya kuiomba, na asipoijua, basi hakuitaka sana.

Nakuomba usijiumize roho. Umri wetu si wa kutazama taa za magari ya watu. Kama anataka kwenda kukaa Oregon kwa mwanawe, mwache aende, atakuwa na watu wake, nawe utakuwa na wako. Hapa kitanda kipo, dirisha lipo, na mtu wa kugombana naye yupo. Ungekuwa nami kufikia siku ya kuzaliwa kwangu ningefurahi kuliko zawadi yoyote.

Ile dawa ya farasi imenichubua ngozi.

Leota

*

Gardena
9 Aprili 1974

Leota,

Oregon?

Nani kakuambia Oregon? Mimi sijakuandikia Oregon. Nisingeweza kukuandikia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa siijui! Nimejua jana kuwa ana mwana, na kwamba mwana huyo anakaa Oregon, nimeambiwa na yule binti anayeuza chipu klabuni. "Mama Pruett, hukusikia? Mzee Haskett kaaga. Katoa vitu vyake, kaenda Medford kwa mwanawe." Kiti chake kinakaliwa na fundi mabomba anayekohoa.

Nikajua ni Corinne kamchukua. Nikageuka nimpasue, na Corinne yupo pale pale kwenye kiti chake, peke yake, macho yamevimba, marashi hakujipaka. Kwa hiyo si Corinne. Nikarudi nyumbani nikasoma tena barua yako, na Oregon hiyo hapo, imekaa kwenye mstari kama mgeni wa siku nyingi.

Umezungumza na Orval. Lini? Wapi? Alikuja huko? Alikaa kwenye sebule yako? Alikula nini?

Tangu utotoni ulikuwa hivyo, sauti laini na mikono mirefu. Chochote nilichokishika mimi, wewe ulikuwa unakilia mpaka mama aseme, "Ardith, mwachie mdogo wako." Huyu sikuachii. Kama amelala kwenye kile kitanda cha dirishani, nitakuja huko na basi la kwanza nikichome.

Nijibu. Na usiniandikie habari za milozi.

Ardith

*

Bakersfield
13 Aprili 1974

Dada Ardith,

Hakuja hapa. Hajakaa kwenye sebule yangu. Alipiga simu. Krismasi ulipopata ile homa nilimwachia namba yangu, nikamwambia akuangalie, na ukizidiwa aniite.

Mara ya kwanza alipiga Machi, baada ya barua yako ya kwanza. Alihangaika sana na maneno. Aliniuliza hivi: "Mama Leota, dada yako akiulizwa na mtu kama mimi, atakubali au atacheka?" Nilikuwa na barua yako mezani, ile uliyoandika namtaka yule mtu. Niliitazama wakati naongea naye.

Nikamwambia: "Ardith hataki mwanamume ndani ya nyumba. Anahamia kwangu Bakersfield. Usimsumbue."

Mara ya pili alipiga ile Jumapili ambayo hukumfungulia. Hakuuliza kitu. Alisema, "Ulisema kweli, mama. Asante kwa kunieleza mapema." Akasema ana mwana Oregon anayemwita siku zote, na sasa haoni sababu ya kukaa Gardena. Akaniomba nikutunze.

Sitakuambia nilifanya kwa ajili ya heri yako. Niliona wivu. Tangu Virgil afe nimekuwa nikingoja barua zako, na kila barua inayokuja ina mtu mwingine ndani. Nilisema akiondoka huyu mtu, dada atabaki na mimi tu. Nilikipaka kile chumba rangi huku nikiomba mambo yako yaharibike. Hayo ndiyo niliyoyaomba, na nilikuwa nimepiga magoti.

Anwani ya mwanawe ni hii nyuma ya karatasi. Alinipa, eti ukiugua.

Usipojibu nitaelewa.

Leota

*

Gardena
16 Aprili 1974

Kwa Orval Haskett, Medford, Oregon

Orval,

Mimi ni Ardith. Mwandiko wangu mbaya, soma polepole.

Mdogo wangu alikudanganya. Siendi Bakersfield. Sikuwahi kusema naenda. Na ile Jumapili nilikuwepo ndani. Nilikusikia ukiniita na nilikaa jikoni nimefunga mdomo kama mwizi, kwa sababu ulipanda gari la Corinne.

Nina haya ya kukuambia na nitayasema yote kwa mara moja. Nilimwonea wivu Corinne tangu siku aliyoingia. Ulipomshika mikono kumfundisha kuchanganya karata nilitaka kuipindua meza. Nikajifanya sioni. Nilidhani mimi ndiye mwenye karata kali, ninyamaze tu, wewe utafungua. Wewe, Orval! Nimekaa karibu na wewe siku zote hizo, najua unavyocheza kuliko anavyojua mtu yeyote duniani, najua kuwa mtu akikunyamazia unatupa hata wafalme, na mimi nikakunyamazia. Mtoto anayejifunza poka leo asingefanya hivyo.

Jana Corinne alinifuata kwenye meza ya chakula. Nilimwambia kiti kina mwenyewe. Akakaa. Akaniambia, "Siku ile ya mvua nilimuuliza, Mama Pruett. Nilisimamisha gari nikamuuliza kama atanioa. Sina muda wa kuzunguka, nina miaka sitini na tisa." Nikamwambia, "Na yeye?" Akasema, "Alinishukuru vizuri sana, akaniambia kuna mwingine, ila huyo mwingine hamtaki. Nikamuuliza ulishamuuliza huyo mwingine? Akasema anaogopa." Halafu akanitazama na yale macho aliyoyapaka wanja akasema, "Mimi nilicheza na karata mbovu na nilicheza mpaka mwisho. Wewe ulikuwa na za kushinda, ukazikalia kama kuku."

Nimemchukia zaidi kuliko nilivyomchukia mwanzo, maana alisema kweli, na pia kwa sababu alithubutu kukuuliza kabla yangu. Hilo sitamsamehe.

Sasa basi. Nakutaka. Ndiyo maana nilikuwa naoka pai, mimi hata pichi sizipendi, zinaniwasha ulimi. Nataka uwe mume wangu. Nataka unisindikize, halafu upande basi na wewe, tuende nyumbani.

Jibu. Hata kama ni hapana, ijibu. Nimechoka na watu kupita.

Ardith Pruett

*

Medford, Oregon
24 Aprili 1974

Ardith,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Nilijua hupendi pichi, nilikuona ukizitoa kando ya sahani. Sikujua kwa nini uliendelea kuzioka.

Nyumba yangu ya Gardena nimeshairudisha kwa mwenyewe na vitu nimeviuza. Mke wa mwanangu anaitwa Janelle, amenitengenezea chumba, ni mwema sana, ananifanyia kila kitu mpaka naona haya. Wamefurahi nimekuja. Siwezi kuwaacha mara moja baada ya wao kupaka chumba rangi.

Hapa mvua inanyesha sana. Hakuna klabu ya karata. Huna mtu unayemjua isipokuwa mimi. Siwezi kumwomba mtu aache maisha yake kwa ajili ya mahali kama hapa, kwa hiyo siombi. Nakueleza tu palivyo.

Kuna kituo cha basi karibu na nyumba. Napita hapo kila jioni.

Orval

*

Gardena
29 Aprili 1974

Orval,

Huombi. Umeandika karatasi nzima ya kutoomba.

Nimeshakata tikiti. Nafika Ijumaa ya wiki ijayo na basi la mchana. Swali nitakuuliza mimi, pale pale kituoni, mbele ya watu, na wewe uwe umevaa tai. Kazi yako itakuwa neno moja, na unalijua.

Huyo Janelle mwambie chumba kiongezwe mto.

Ardith

*

Medford, Oregon
2 Juni 1974

Leota,

Nilikaa kimya wiki hizi zote ili nawe uonje. Sasa imetosha, nakuandikia.

Tumeoana. Najua Orval alishakudokezea kwenye simu, sasa sikia kwangu. Alisema ndiyo kabla sijamaliza swali, dereva wa basi akapiga honi. Tulikwenda mahakamani Jumanne, mwanawe akashika kofia, Janelle akalia, na mimi nikavaa ile nguo ya kijani. Yalikuwa mazuri. Ungekuwepo ungelia nawe, ndiyo maana sikukuita.

Gharama yake nimeilipa, usidhani ni bure. Corinne amekalia kiti changu pale Mchungwa. Kaniandikia kadi kunieleza, mwanamke mshenzi, eti mto wangu wa kukalia bado unatoa joto. Wajukuu nawasikia kwenye simu tu. Mvua hapa ni kama adhabu. Kama ningesema Machi niliyoyasema Aprili, ningekuwa na mtu huyu huyu, nyumbani kwangu, na kiti changu. Hicho ndicho nilichokipoteza kwa kujitia mjanja, na baadhi yake umenipotezea wewe. Nalijua hilo, nawe ulijue.

Kuhusu kukusamehe, bado. Siwezi kusamehe kwa barua. Njoo Julai nikusamehe uso kwa uso, ulete na lozi za jirani yako. Na nyonga hiyo tutaipeleka kwa daktari wa hapa, Janelle anamjua. Umesikia? Nimekuuliza kuhusu nyonga na wala hukuninyooshea kidole.

Huyu Janelle sasa. Ni mwema, sikatai, lakini alikuwa anamkatia Orval nyama kwenye sahani! Anamfunga kamba za viatu! Asubuhi ya kwanza kaja na kikombe cha kahawa, "Baba mpenzi, kahawa yako, nimekutilia sukari mwenyewe." Miezi mitatu iliyopita ningekaa nikaivumilia, nikasema ngoja, atachoka, Orval ataona mwenyewe. Safari hii nilisimama kabla hajafika mezani. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu akubariki, kikombe hicho nipe mimi. Wewe una mume wako, mtilie sukari yeye." Mwana wa Orval akacheka mpaka akatoka nje. Sasa tunaelewana vizuri, ananifundisha kuendesha mashine ya kufua.

Ukija mezani utakaa upande wangu, si wake. Nakuambia mapema. Jumapili iliyopita ulipopiga simu ukamsimulia habari za Virgil na yule nguruwe, Orval alicheka sana. Alicheka mno, Leota. Nilikuwa nimekaa pale pale na soksi yake ninayoishona, na roho ikaanza kunipanda kama zamani.

Alipokata simu nikamwambia. "Orval, nimeona wivu."

Akasema, "Wivu wa nani?"

"Wa Leota. Na wa Janelle. Na wa huyo mbwa wao anayelala juu ya miguu yako kila siku, miguu ambayo ni yangu."

Akafikiri, unajua anavyofikiri, mpaka nikadhani kasinzia. Halafu akanyanyuka, akamtoa mbwa nje, akarudi kukaa.

Dada yako,
Ardith Haskett